CD ya mzee wa Kibirizi, na picha tunazoambiwa zimekufa

Mwaka jana kipindi cha masika, siku ambayo umeme ulikuwa umekatika Mwanga nzima hapa Kigoma tangu asubuhi, aliingia mzee mmoja dukani kwangu ameshika kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikadhani ni simu imeingia maji, maana mvua zikianza hizo ndo tunaletewa sana, kumbe alipofungua ni CD. CD moja, haina kava, juu yake imeandikwa kwa maka peni KIBIRIZI 1999. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema ana shida ndogo ila imemsumbua miaka mingi.

Yeye ni fundi wa boti za mbao kule Kibirizi mwaloni, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Mwaka 1999 alikuja mgeni mmoja kutoka Ulaya, mtu wa kuchunguza samaki wa ziwani, akakaa mwaloni kama wiki mbili na kamera yake ya filamu, na katika kukaa kwake akawapiga picha yeye na baba yake wakiwa wanaunda boti kubwa kuliko zote walizowahi kuunda. Mgeni akaondoka. Mwaka uliofuata akaja mtu ameshuka na treni ya kutoka Dar, akawaletea hii CD na kikaratasi kinachosema picha zenu zote zimo humu. Wakati huo Kigoma kompyuta ni za kuhesabu na umeme wenyewe wa jenereta, kwa hiyo CD ikaenda sandukuni. Baba yake akafariki 2003 hajaiona picha hata moja.

Baada ya hapo ndo mzee akaanza kuzunguka nayo. Duka la kwanza wakamwambia hii CD ni tupu. La pili wakasema imekwaruzika. La tatu kijana aliiweka kwenye mashine, akaitoa, akamwambia mzee hii imekufa, itupe tu. Hakuitupa, akarudi kuifunga kwenye kanga.

Nikamuuliza, baba, kwa nini sasa hivi? Akasema amepata kazi ya kuunda boti ya mizigo ya ukubwa ule ule, na anakumbuka baba yake alikuwa na mpango wake wa mataruma kule mbele. Kwa wasiojua, mataruma ni zile mbao zinazosimama ndani ya boti kama mbavu, mbao za ubavuni zinapigiliwa kwenye hizo. Sasa yeye anapanga kwa nafasi sawa mwanzo mpaka mwisho, kama mafundi wengi, lakini baba yake kadiri alivyokaribia omo, yaani mbele ya boti, alikuwa anayabananisha, ili boti ikipigwa na wimbi la mbele isifunguke. Anakumbuka hilo. Asichokumbuka ni kuanzia taruma la ngapi. Na boti yenyewe iliuzwa ng'ambo zamani, haipo tena ya kwenda kuangalia. Akasema, nikiiona picha nitajua.

Nimeandika haya yote mwanzoni kwa makusudi kabisa, kwa sababu sisi tunaokaa nyuma ya kompyuta tukiletewa faili lisilofunguka tunaona faili tu, hatuoni kuna nini nyuma yake, na ndo maana neno "imekufa" linatutoka kirahisi hivi.

Umeme ulirudi saa tisa. Dukani nina dektopu moja ya zamani ya Windows 7, nimeiweka kwa sababu ndo mashine ya mwisho niliyonayo yenye sehemu ya CD. Nikaiweka. Ikazunguka, ikalia ile sauti ya kutafuta, ikanyamaza, nikabonyeza, ikaleta ujumbe ambao nina uhakika ndo ule ule waliouona wale vijana watatu wa mwanzo. Ujumbe una sentensi kadhaa. Ya kwanza inasema Windows haiwezi kuifikia hii diski. Ya pili inasema diski huenda imeharibika. Watu wanaishia hapo, na mimi miaka mingi niliishia hapo. Lakini iko ya tatu, inasema hakikisha diski iko kwenye mfumo ambao Windows inautambua. Hiyo ya tatu ndo yenye kesi yote! Kompyuta imekwambia yenyewe kwamba inawezekana diski ni nzima, ila imeandikwa kwa namna ambayo yeye hajafundishwa kuisoma.

Nikamuuliza mzee, yule mgeni alikuwa na kompyuta ya namna gani, akasema hiyo hakumbuki vizuri ila ilikuwa ndogo ya kukunja na nyuma ina tunda. Basi. Hapo nikajua ni Mac, kompyuta ya kampuni ya Apple, na nikajua tunakoelekea.

Nikamwomba aniachie CD siku mbili, nikamwandikia risiti kabisa, maana kitu kama hicho huwezi kupokea mkono mtupu. Jioni nikaenda kwa rafiki yangu mpiga picha wa harusi, ana MacBook mpya na kidude cha nje cha kusomea CD, nikiamini kabisa CD ya Mac itafunguka kwenye Mac. Haikufunguka. Ikakataa kama Windows ilivyokataa. Hapo ndo mtu anakata tamaa na kusema basi kweli imekufa, lakini nilivyosoma usiku nikaelewa. Mac za zamani zilikuwa zinapanga diski kwa mfumo unaoitwa HFS, wa tangu 1985. Mwaka 1998 ukaja mrithi wake, HFS Plus, ila watu waliendelea kuchoma CD kwa ule wa zamani, na mwaka 2019 kwenye macOS Catalina kampuni yenyewe ikaondoa kabisa uwezo wa kusoma HFS ya zamani. Yaani Mac ya leo haiwezi kusoma CD ambayo Mac ya 1999 iliichoma kwa HFS hiyo. Kulikuwa na namna ya kuchoma CD mseto, sehemu moja ya Mac na sehemu nyingine ya kompyuta zote, lakini aliyechoma hii hakuchagua hivyo, na simlaumu, alikuwa anachoma kitu ambacho kwake kinafunguka.

Anayesoma HFS mpaka leo ni Linux, mfumo mwingine wa kompyuta kama ilivyo Windows. Nina laptopu ya zamani nimeweka Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux, na kama hutaki kuuweka moja kwa moja unaweza kuuwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Nikaazima kile kidude cha nje, na kabla ya kufungua chochote nikafanya jambo ambalo nakuomba na wewe ulifanye siku ukiletewa kitu cha zamani: nikanakili CD nzima ilivyo, kipande kwa kipande, ikawa faili moja kwenye laptopu. Nilitumia programu inaitwa ddrescue ambayo ikikutana na mkwaruzo haikati tamaa, inaruka, inachukua vilivyo vizuri kwanza halafu inarudi pale palipogoma. CD ya zaidi ya miaka ishirini kila ukiizungusha unacheza bahati nasibu, kwa hiyo bora uizungushe mara moja tu halafu kazi yote iliyobaki uifanyie kwenye nakala. Ilichukua karibu saa nzima. Mkwaruzo ulikuwepo kweli, yule wa duka la pili hakusema uongo, ila ulikuwa pembeni kabisa na haukugusa picha hata moja.

Nikaifungua ile nakala. Mafaili kumi na saba.

Naomba nisimame hapa kidogo kwa sababu ndo sehemu inayochanganya watu. Mafaili yalikuwepo, yana ukubwa wake, lakini hakuna hata moja lililokuwa na zile herufi za mwisho, yaani nukta jpg au nukta png tunazozizoea. Moja linaitwa "mzee na mwana" kwa Kiswahili cha yule mgeni, jingine "boat inside", mengine ni tarehe tu. Ukibonyeza, kompyuta inauliza nifungue na nini. Windows imetuzoesha kwamba aina ya faili iko kwenye jina, ukifuta zile herufi tatu imepotea. Mac za enzi zile hazikuwa hivyo. Aina ya faili ilikuwa inaandikwa pembeni, kwenye daftari la diski, kwa herufi nne za aina na herufi nne nyingine za programu iliyolitengeneza, na jina la faili ni jina tu. Kuna vifaa vya Linux vinaitwa hfsutils vinavyoweza kulisoma lile daftari, nikaviita, ikatoka orodha: mengi yameandikwa PICT, matatu JPEG, mawili TIFF, na hayo ya TIFF upande wa pili yana 8BIM, ambayo ni alama ya Photoshop. Ukiyakopi mafaili haya kawaida kwenda sehemu nyingine lile daftari linabaki nyuma, unabaki na jina tupu, na ndo maana kuna watu wana mafoda ya zamani yamejaa mafaili yasiyo na kabila.

Lakini hata daftari likipotea faili lenyewe linajieleza. Hili natamani kila kijana wa steshenari alijue. Baiti za mwanzo za faili la picha, yaani zile namba ndogo ndogo ambazo faili limeandikwa kwazo, zina alama ya aina yake, na haibadiliki kwa sababu umebadili jina. JPEG inaanza na FF D8 FF. PNG inaanza na 89 halafu herufi PNG zenyewe unaziona kwa macho. TIFF inaanza na II au MM, na hapo kuna kisa kizuri: II ni namba zilizopangwa kuanzia dogo kwenda kubwa, kama kompyuta za Intel zinavyopanga, MM ni kuanzia kubwa kwenda dogo, kama prosesa za Motorola zilizokuwa kwenye Mac, kwa hiyo waliounda TIFF miaka ya 80 walijua kabisa mashine hazisomi kutoka upande mmoja wakaacha alama mlangoni ya kukwambia uanzie wapi. Nilifungua moja ya zile TIFF mbili nikaona 4D 4D 00 2A, yaani MM na namba 42. Dalili nyingine kwamba inatoka Mac. PICT yenyewe ni ngumu zaidi maana baiti 512 za mwanzo kwa kawaida ni sifuri tupu, ukichungulia unaona sifuri sifuri sifuri, mtu anasema si nilikwambia faili halina kitu, lakini shuka chini ya hizo 512, ruka baiti kumi za vipimo, utakuta 00 11 02 FF, na hapo unajua ni picha.

Kwenye Linux huhitaji hata kuchungulia, unaandika neno file halafu jina la faili, inakujibu. Kwenye Windows unapakua kiprogramu chochote cha kuangalia heksi, yaani hizo baiti zenyewe, vipo vya bure vingi.

Za JPEG nikaziongezea nukta jpg mwishoni zikafunguka pale pale. Za TIFF vile vile. Angalia tofauti hapa: niliongeza ekstensheni kwa sababu nilishajua ndani kuna nini. Kubandika nukta jpg kwenye faili ambalo si JPEG hakuligeuzi kuwa JPEG, ni sawa na kuandika DAGAA kwenye gunia la mahindi. Za PICT nikatumia ImageMagick, programu ya kugeuza picha kutoka aina moja kwenda nyingine, unaandika convert, halafu pict: na jina la faili, halafu jina jipya lenye nukta png. Lile neno pict na nukta mbili zake mbele ya jina linaiambia programu kwamba hii ni PICT, maana faili halina ekstensheni. Zikatoka moja moja. Saa sita usiku, nyumba nzima wamelala, naiona sura ya kijana mwenye tezo mkononi na nikamtambua ni yule mzee wa kwenye benchi.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa cha kijinga lakini kilinila nusu saa. Nilipotaka kuweka na mafaili ya asili kwenye flashi ya mzee, matano yaligoma. Flashi nzima, nafasi ipo, inagoma. Kumbe ni yale yenye tarehe. Yule mgeni aliandika tarehe na mikwaju, kama 12/7/99. Mac ya zamani inaruhusu mkwaju kwenye jina, Linux hairuhusu, kwa hiyo ikaonyesha nukta mbili mahali pa mkwaju, 12:7:99, na Linux yenyewe haina shida na nukta mbili, lakini flashi zetu zimepangwa kwa FAT32 au exFAT ambazo nukta mbili hazitaki kabisa. Nikabadili majina nikaweka vistari, yakaingia. Mifumo mitatu, na kila mmoja una herufi yake anayoikataa! Tangu siku hiyo majina ya mafaili ya wateja naandika herufi, namba na kistari tu.

Sasa niseme kwa nini nililishikilia hili jambo hivi. Miaka kadhaa nyuma, duka likiwa changa, aliniletea flashi mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, ina picha za mwanae aliyefariki Dar. Ilikuwa imepangwa kwenye Mac. Windows ikaleta ule ujumbe wa kusema unahitaji kufomati diski kabla ya kuitumia, na mimi nikabonyeza ndiyo, kwa sababu kompyuta imesema nahitaji. Sikujua. Nikampa flashi safi kabisa, tupu. Alisema asante mwanangu, akaiweka kwenye pochi, akaondoka. Baadaye nilijifunza kwamba hata pale mwishoni zingeweza kurudishwa kama nisingeandika kitu kingine juu yake, lakini nilikuwa nimeshamwekea nyimbo za kwaya kama zawadi. Yule mama nikimwona sokoni mpaka leo namwamkia na yeye ananiitikia vizuri, na mimi sijawahi kulizoea hilo.

Kwa hiyo nikikwambia usifomati siongei kwa kusoma. Ujumbe wa "unahitaji kufomati" maana yake ni kwamba hii mashine haielewi mpangilio wa hii flashi. Bonyeza hapana, chomoa, tafuta mashine nyingine.

Na usidhani haya ni ya CD za 1999 tu. Kila wiki, narudia kila wiki, naletewa picha za iPhone zisizofunguka, watu wamesafiri nazo kutoka Dar au Mwanza kwa ajili ya bango la msiba au kadi ya sendofu, na mahali pengine wameshaambiwa zimeharibika. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo zinapiga picha za HEIC badala ya JPEG, kwa sababu HEIC inakula karibu nusu ya nafasi kwa ubora ule ule, ni teknolojia nzuri kweli, ila ule ubanaji wa ndani unaitwa HEVC na una hataza za watu, yaani haki za uvumbuzi, kwa hiyo Windows haikuja nao bure. Windows 10 na 11 unahitaji vitu viwili kutoka Microsoft Store: HEIF Image Extension ambayo ni bure, na HEVC Video Extensions ambayo wanaiuza. Watu wanaweka ya kwanza tu halafu wanashangaa bado picha hazifunguki. Windows 7 haina hata hiyo Store, na mashine za Windows 7 bado zimejaa huku kwetu. Mimi nazipeleka kwenye Ubuntu, naandika heif-convert, jina la picha, jina jipya la nukta jpg, imeisha.

Kama simu unayo mkononi, ingia Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, kuanzia hapo itapiga JPEG. Ambazo zimeshapigwa hazibadiliki kwa hilo, hizo kwenye mpangilio wa Photos kuna sehemu ya Transfer to Mac or PC, ukiweka Automatic basi ukichomeka waya simu yenyewe inageuza njiani. Watu wengi wanakimbilia WhatsApp, ni kweli WhatsApp inatoa JPEG na inafunguka popote, lakini inaiminya picha, kwa simu sawa, kwa bango la mita mbili sura inakuwa vipande vipande. Na yule kijana anayebadili nukta heic kuwa nukta jpg kwa mkono, rudi juu kwenye gunia la mahindi. Ukichungulia ndani ya faili hilo utaona herufi ftypheic karibu na mwanzo, jina umelibadili, lenyewe halijabadilika.

Kingine kinachotisha watu bure ni vile vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Mpiga picha wa harusi ana Mac, anakuwekea picha 120 kwenye flashi, ukifungua kwenye Windows unahesabu 240, nusu hazifunguki na kila moja ni KB 4 tu. Huku kwetu flashi zimeugua sana vile virusi vya kugeuza mafoda kuwa shotikati, kwa hiyo mtu akiona hivyo anasema virusi, na dawa ya virusi ni ile ile, fomati. Si virusi. Ni Mac inaweka kumbukumbu zake pembeni ya kila faili kwa sababu flashi haina ile sehemu ya daftari. Ziache au zifute, picha zako ziko pale pale zina majina yale yale bila hiyo nukta ya mbele.

Turudi kwa mzee.

Asubuhi nilipoziangalia picha kwenye skrini ya duka niliona zina kiza. Si zote, ila zile za ndani ya boti, "boat inside" na wenzake wawili, ubavu unaonekana vizuri juu ambako jua linapiga, lakini chini kule ambako mataruma yanaanzia pamezama, kama picha imepigwa magharibi. Na picha hizo ndo alizokuwa anazitaka. Kidogo nimwambie baba pole, kamera ilishindwa. Halafu nikakumbuka nilichosoma kuhusu skrini za Mac, kwamba mpaka 2009 zilikuwa zinatumia gama, yaani kipimo cha namna skrini inavyogawa kiza na mwanga, ya 1.8 wakati kompyuta nyingine zote zinatumia 2.2, kwa hiyo picha iliyorekebishwa kwenye Mac ya 1999 ikaonekana safi kabisa kwa mwenyewe, ikifika kwetu inaonekana imefifia gizani, hasa kwenye vivuli. Yule mgeni hakuona kiza chochote. Aliliona taruma kwa taruma.

Ukigawanya 2.2 kwa 1.8 unapata 1.22, nikairudisha ImageMagick na gamma 1.22 kwa picha zile tatu, halafu kwenye GIMP, programu ya kurekebisha picha, nikainua vivuli kidogo tena kwa mkono, taratibu, bila kugusa sehemu za jua. Na kutoka kwenye kile kiza yakaanza kutokea mataruma, moja baada ya jingine, mpaka ukaona vichwa vya misumari na pamba ya kalafati imetokeza kwenye maungio. Nilikaa naitazama muda. Nimezaliwa Kigoma hapa hapa, boti nimezipanda tangu mtoto, sikuwahi kuangalia ndani ya boti hivyo.

Siku ya tatu sikumsubiri aje, nikafunga duka mchana nikapanda bodaboda nikashuka Kibirizi, dagaa wameanikwa kila mahali, nikamkuta chini ya mwembe wake, mkuku wa boti mpya umeshalala na mbao za mwanzo zimeshasimama. Nilikuwa nimeprinti zote kumi na saba kwenye karatasi ya picha, A4. Kwanza akachukua ile aliyo na baba yake. Hakusema kitu. Akaifuta kwa kiganja japo haikuwa na vumbi, akaiweka pembeni juu ya ile kanga. Akachukua "boat inside". Akaigeuza ili omo iangalie upande wa omo ya boti aliyokuwa anaunda, akaweka kidole gumba kwenye taruma la kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, anasogeza gumba, anasogeza, kwenye la sita akasimama, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"La sita," akasema. "Mimi nilikuwa nasema la nne."

Halafu akanyanyua shingo akamwita kijana wake alete futi.